Shangazi wa Bombani

Nchi yetu ina jina, lakini silitaji hapa kwa sababu jina lenyewe liko mbele ya kamati. Kamati inatafuta jina la kisasa zaidi, na mpaka itakapomaliza, sisi wananchi tumeombwa tuseme "nchi yetu" tu, na tuseme kwa upendo. Basi nasema kwa upendo: nchi yetu.

Mimi si msomi. Nilijifunza kutengeneza redio kwa kuzifungua, na mambo ya serikali nilijifunza kwa kusikiliza redio hizo hizo nilipokwisha kuzifunga. Sina haraka ya kumlaumu mtu. Mtu akinikanyaga, hutazama kwanza kama si mguu wangu uliokuwa mahali pasipo pake. Nalisema hili mapema, msomaji asije akadhani nimeandika kwa hasira. Nimeandika kwa sababu binti yangu, Mwajabu, ameniomba nieleze ilikuwaje, ili siku moja mwanawe asome na asinicheke sana.

*

Mambo yalianza Waziri wetu wa Ubunifu, Ubia na Mengineyo, Mheshimiwa Theonesti Lugusi, alipokuja Kata ya Mtokauka kutueleza maana ya ubia. Alipanda jukwaani, akanyamaza ili tumpigie makofi. Tukampigia.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani serikali ilikuwa peke yake na sekta binafsi ilikuwa peke yake. Leo wawili hawa wameoana. Na mkiona watu wameoana, msiulize nani kaja na nini. Subirini watoto!"

Jirani yangu Kitwana, fundi viatu, mtu asiye na adabu ya mikutano, alipaza sauti kutoka nyuma: "Na mahari katoa nani, Mheshimiwa?"

"Swali zuri sana," alisema Waziri, akaendelea na hotuba.

Baadaye tulielewa. Katika ubia ule serikali ilitoa maji, mabomba, ardhi na wananchi. Kampuni ilitoa wazo. Wengine walinong'ona kwamba mizani haikukaa sawa, lakini mimi niliona kwamba wazo nalo lina uzito wake, hasa kwa mtu ambaye hana lingine.

Kampuni yenyewe iliitwa Upeo na Wenzake. Upeo alikuwa Bwana Delfinus Kaberege, mtu mpole mwenye viatu vyeupe ambavyo havikuwahi kuchafuka, hata kwetu. Wenzake hatukuwahi kuwaona.

Wazo lilikuwa hili. Jiji letu litakuwa jiji erevu. Maji ya jiji, ambayo ni machache, hayatagawanywa tena kwa kujuana. Yatafuata shida. Kwenye kila bomba la kata utawekwa mtambo wenye kamera, spika na kioo, nao utawauliza wananchi hali zao. Palipo na hali mbaya, mfumo utafungulia maji. Palipo na hali nzuri, mfumo utafunga, uwasaidie wengine. Hakuna afisa, hakuna foleni ya ofisini, hakuna kumjua mtu.

Nilipolisikia wazo hilo nilipiga makofi kabla Waziri hajanyamaza.

*

Niliteuliwa kuwa mwakilishi wa watumiaji katika Kamati ya Maamkizi. Kigezo kilikuwa kumiliki miwani.

Kamati iliundwa kwa sababu Wizara ya Utamaduni ilikuja juu. Haiwezekani, walisema, chombo kimuulize mtu mzima hali yake bila kumsalimia, kama polisi. Kwa hiyo mtambo utaanza kwa salamu, na salamu hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa swali. "Habari za nyumbani?" Mwananchi atajibu, mfumo utarekodi. Utamaduni umeheshimiwa na kazi imefanyika. Bwana Delfinus alisema huo ndio ubunifu, tukala sambusa.

Tatizo moja tu lilijitokeza. "Watu wenu wanajibu salamu kwa muda mrefu," alisema Bwana Delfinus. "Nimejaribu mtambo sokoni. Mama mmoja alianza na nyumbani akaishia kwa mbuzi wa shemeji yake. Betri ikazima. Tukichukua neno la kwanza tu, itakuwaje?"

Wajumbe tulitazamana. Mwenyekiti alisema neno la kwanza ndilo muhimu, maana mengine yote hutoka nyuma yake. Nilitikisa kichwa kukubali. Miwani ikashuka, nikaipandisha, ikaonekana nimekubali mara mbili.

"Na asiyejibu kabisa?" aliuliza Bwana Delfinus.

Hapo nilipata nafasi ya kuchangia. "Kwetu," nilisema, "mtu asiyejibu salamu ama ana kisirani, ama amekufa."

"Kipi ni rahisi kurekodi?"

"Kufa," nilisema. "Kisirani kina ngazi."

Mchango wangu uliingizwa kwenye mfumo. Niliporudi mtaani nilieleza jambo hilo kwa kila aliyenikuta, na kwa wachache ambao ilinibidi niwafuate.

*

Mtambo ulifungwa bombani kwetu, mkabala na zahanati. Ulikuwa na sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo, yenye huruma na udadisi. Siku ile ile watu wakauita Shangazi.

"Habari za nyumbani?" Shangazi alimuuliza kila aliyefika na ndoo.

"Nzuri," walijibu watu.

Sasa msomaji wa nchi nyingine lazima nimweleze, wa kwetu anivumilie. Kwetu mtu hutoa uzuri kwanza, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni kiti kabla ya kumwambia kwamba hakuna chakula. Niliwahi kumuuliza mtu habari za asubuhi akanijibu, "Nzuri kabisa, tunamshukuru Mungu, tunatoka kumzika mjomba." Shida zetu zote hukaa baada ya neno "ila". Na Shangazi, kwa sababu ya betri, hakuwahi kufika kwenye "ila".

"Nzuri, ila bomba linatoa matope—"

"Asante," alisema Shangazi. "Karibu tena."

"Njema, ila mtoto anaharisha tangu—"

"Asante. Karibu tena."

Maji yakaanza kupungua. Hatukushtuka, tulizoea. Kisha kioo cha Shangazi kikatoa picha ya maua na maneno: HONGERENI MTOKAUKA, KATA YENYE HALI NZURI. Cheti kikaletwa na pikipiki. Afisa Mtendaji wa Kata akakitundika ukutani, kwenye msumari uliokuwa wa ratiba ya maji.

Maji yalikwenda wapi? Yalikwenda Mlima Upepo, mtaa wa wakubwa wenye mageti. Mimi simlaumu mtu. Kule watu hawana muda wa kusalimiana, na Shangazi wao alipouliza habari za nyumbani, neno la kwanza alilolisikia lilikuwa "Upuuzi." La pili alilolipata, kutoka kwa mtu mwingine, lilikuwa "Mbovu," maana bwawa lake la kuogelea lilikuwa limepungua kina. Mfumo ukaingiwa na huruma. Ukawafungulia maji mpaka yakafurika barabarani, na walipoulizwa tena wakasema mbovu zaidi, kwa kuwa magari yao yalikuwa yakichafuka. Wakaongezewa.

*

Bi Sikitu, mkunga wa zahanati yetu, alikuja nyumbani kwangu jioni moja. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, na nusu ya kata imepita kwenye mikono hiyo ikiwa bado haina nguo. Kwa hiyo hatubishani naye.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Bi Sikitu. Habari za kazi?"

"Nzuri," alisema, akaketi. "Ila nafunga."

"Unafunga nini?"

"Chumba cha kujifungulia. Maji ya mwisho nimemuogeshea mtoto wa jana, na hayo niliyakinga kwenye kiyoyozi cha Afisa Mtendaji. Sizalishi mtu kwa mikono mikavu, Baba Mwajabu. Nikifanya hivyo nitakuwa naua."

Mwajabu alikuwa mlangoni, tumbo limemtangulia. Ilikuwa mimba yake ya kwanza na mtoto alikuwa mkubwa. Bi Sikitu alikwisha kutuonya asikae mbali na zahanati, hata kwenda harusini.

"Na mimi, bibi?" aliuliza Mwajabu.

"Wewe utapelekwa hospitali kuu, ng'ambo ya jiji."

Barabara ya kwenda hospitali kuu ilikuwa imechimbwa ili kupitishia nyaya za jiji erevu, na haijafukiwa. Kwenye mtaro ule wa nyaya, wiki moja kabla, mwanamke wa mtaa wa pili alijifungulia ndani ya bajaji. Yeye alipona.

"Baba," alisema Mwajabu kwa upole, "wewe si uko kwenye kamati?"

*

Nilivaa koti, nikaenda wizarani. Mheshimiwa Waziri alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Bwana Delfinus alikuwepo pia, miguu imetulia ndani ya viatu vyeupe.

Njiani nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga hoja kwa utaratibu: zahanati, mkunga, maji, binti. Niliingia, nikainama kidogo.

"Aa, mjumbe wetu!" alisema Waziri. "Habari za Mtokauka?"

"Nzuri, Mheshimiwa, ila—"

"Unaona?" Waziri alimgeukia Bwana Delfinus. "Hata ana kwa ana. Mfumo hausemi uongo."

"Mheshimiwa, zahanati—"

"Ndugu yangu, kaa kitako. Unajua Mlima Upepo hali zao zikoje? Nimeona takwimu jana nikakosa usingizi. Watu wanateseka kule. Na ninyi, kwa utu wenu, mmewaachia maji. Nimewataja bungeni."

Niliona haya kumkatisha mtu anayenisifu. Bwana Delfinus alinihurumia. Alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tiba ni rahisi. "Wananchi wenu wajibu ukweli tu. Waseme mbaya. Wakisema mbaya wengi kwa siku moja, mfumo unafungua wenyewe. Mimi siwezi kuugusa, mkataba unanikataza kuugusa."

Nilirudi nyumbani nina furaha. Sikuwa nimepata maji, lakini nilikuwa nimepata maelekezo.

*

Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa shule. Bi Sikitu alisimama mahali pa Shangazi, watu wakapanga mstari na ndoo zao. Kitwana ndiye aliyetangulia, kwa sababu ndiye aliyekuwa akisema kwamba jambo lenyewe ni dogo mno.

"Habari za nyumbani?" aliuliza Bi Sikitu.

"Mba..." Kitwana alikohoa. "Mba... mbali kidogo na nzuri."

"Rudia."

"Mbaya," alisema Kitwana, akatazama chini kama aliyetukana.

Mkewe akatoka kwenye mstari. "Nyumbani kwangu kuna ubaya gani, Baba Hamza? Hebu waeleze watu. Huli? Hulali? Hufuliwi?"

"Mke wangu, ni mazoezi tu."

"Mazoezi ya kunitangaza!"

Mstari ulivurugika. Aliyefuata alisema, "Mbaya, ila nzuri." Bi Sikitu akamwambia mtambo utachukua la kwanza, kwa hiyo amefaulu, lakini yule bwana akaomba abadilishe, maana moyo ulikuwa unamsuta. Mama mmoja alikataa kabisa. "Mamangu yuko kitandani," alisema. "Nikitamka mbaya leo, akiondoka kesho mtaniambia nani kamuita mauti? Huo ni uchuro."

Zamu yangu ilipofika nilisema "Nzuri" kabla Bi Sikitu hajamaliza kuuliza.

"Baba Mwajabu!"

"Limetoka lenyewe."

Nilijaribu tena, likatoka lenyewe tena. Sikujua kwamba kinywa changu kinafanya kazi bila mimi. Watu wakaanza kucheka, na tukishaanza kucheka, kwetu mkutano umekwisha.

Bi Sikitu hakucheka. Alimtazama Mwajabu aliyekuwa amekaa kwenye tofali, mkono kiunoni. Kisha akanigeukia.

"Wewe si ndiye uliyetusumbua mtaa mzima kwamba asiyejibu salamu mfumo unaandika amekufa?"

"Mimi ndiye," nilisema, na bado nilijisikia fahari kidogo.

"Haya. Niambieni ninyi nyote. Serikali yetu inampenda nani zaidi, mtu aliye hai au maiti?"

Hakuna aliyehitaji kufikiri. Ukame ulipokausha visima vyetu, serikali haikuja. Bwana harusi mmoja alipotumbukia kwenye kisima kimojawapo akafa, serikali ilikuja na maturubai, viti, mchele, na maboza mawili yaliyojaa maji. Serikali yetu inaweza kukosa yote, haijawahi kukosa msiba.

"Basi tunyamaze," alisema Bi Sikitu. "Kusema mbaya hamuwezi. Kunyamaza je?"

*

Kunyamaza kulikuwa kugumu zaidi. Bi Sikitu aligawa kokwa za ukwaju, kila mtu aweke yake chini ya ulimi anapopita bombani, ili ulimi ukitaka kuondoka ukumbuke.

"Habari za nyumbani?" aliuliza Shangazi.

Tukapita kimya, ndoo tupu zikigongana na mapaja.

"Habari za nyumbani, mwanangu?"

Kimya.

"Hamjambo? Hamjambo jamani?" Sauti yake ilikuwa imetengenezwa iongeze upole kila isipojibiwa, nayo iliongeza. "Kuna neno nimewakosea?"

Kitwana alifika kibandani kwake anafuta macho. "Ni kama kumpita mama yako mzazi njiani," alisema. "Nimeumbuka. Hata mbwa akinibwekea namjibu."

Kuna wazee walioamua kutotoka nyumbani kabisa kuliko kuvunjiwa heshima na ukimya wao wenyewe. Mimi nilikuwa nikizunguka kwa nyuma ya msikiti, ingawa ni mbali, kwa sababu nilikuwa sijiamini hata nikiwa na kokwa mbili.

Mwajabu yeye alipita pale pale, kila siku, pole pole, maana alikuwa akienda kupimwa na njia nyingine hakuiweza.

"Mama kijacho," Shangazi alimuita, "hujambo?"

Mwajabu aliuma pindo la khanga akapita.

Baada ya siku chache kioo cha Shangazi kikawa cheusi. Simu zote za kata zikalia kwa pamoja, na kila mmoja wetu akasoma ujumbe ule ule: TUNASIKITIKA KUKUTAARIFU KWAMBA KATA YAKO IMEFARIKI. MUNGU AKUPE SUBIRA.

Wengine tuliguswa sana. Jirani alinipa pole na mimi nikampa.

*

Serikali haikutuangusha. Kabla jua halijapanda, malori yalikuwa yamefika na maturubai, viti vya plastiki, masufuria ambayo mtu angeweza kulala ndani, magunia ya mchele, na boza la maji, refu, linatiririka mpaka chini ya magurudumu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama lile tope.

Kwanza ulizuka utata wa itifaki. Afisa wa wizara aliuliza sisi tulioketi ni nani, maana kwa mujibu wa mfumo wakazi wote walikuwa wamefariki. Walijadiliana pembeni, wakaamua tuhesabiwe kuwa wafiwa kwa muda, mpaka taratibu zetu za kuwa marehemu zikamilike. Tukapewa viti vya mbele.

Bi Sikitu hakukaa. Mwajabu alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri na alikuwa ndani ya zahanati akishikilia kitasa cha dirisha. Pamoja naye kulikuwa na wajawazito wengine wawili kwenye benchi, wakingoja zamu. Bi Sikitu alimwendea dereva wa boza.

"Mwanangu, nivutie mpira mpaka pale ndani."

"Mama, maji haya ni ya wapishi. Nimepewa amri."

"Msibani maji ya kwanza ni ya nini?"

Dereva alifikiri. "Ya kuosha."

"Basi. Wako ndani."

Kijasho kilimtoka dereva. Alivua kofia, akauvuta mpira yeye mwenyewe, macho ameyainamisha, akaupitisha dirishani bila kuchungulia, akarudi nyuma nyuma kwa heshima. Niliusikia mlio wa maji yakiingia kwenye pipa. Ninatengeneza redio, nimesikia sauti nyingi. Hiyo naiweka juu.

Mheshimiwa Waziri alianza wasifu wa marehemu.

"Marehemu Kata," alisema, akajifuta jicho, "alikuwa mpole. Hakulalamika. Kila tulipomuuliza hali, alisema nzuri. Hata alipokuwa mahututi alisema nzuri! Jiulizeni, ni kata ngapi zinaweza kufa namna hii, bila kuisumbua serikali?"

Tuliinamisha vichwa, kokwa chini ya ndimi. Alishuka, akatupa mkono wa pole mmoja mmoja. "Pole sana," aliniambia. Neno "nimeshapoa" lilifika mpaka kwenye meno likagonga kokwa likarudi. Waziri aliugeukia umati akasema kwa majonzi kwamba wafiwa wamezidiwa.

Bwana Delfinus naye akasema machache. Alitangaza kwamba kampuni, kwa kushirikiana na serikali, imebuni Huduma Erevu ya Rambirambi, na kwamba Mtokauka imepata heshima ya kuwa ya kwanza nchini. Alipotaja neno "ya kwanza" tulisahau tukapiga makofi. Hakuna aliyeona kasoro. Katika nchi yetu makofi hayahesabiwi kuwa dalili ya uhai.

Waziri alirudi jukwaani kumalizia. "Na sasa, ndugu zangu, kimya kidogo, tumkumbuke—"

Kutoka dirishani, katikati ya kimya kile, mtoto alilia.

Ulikuwa mlio mkavu, wenye madai. Waziri aliinua macho.

"Nani huyo analia hivyo?"

"Mfiwa, Mheshimiwa," alisema Kitwana, akaificha kokwa tena.

"Maskini," alisema Waziri. "Mwacheni alie."

*

Bi Sikitu alichungulia mlangoni akaniita kwa kidole. Nilikwenda mbio. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, inameta. Mwajabu alikuwa amelala, amechoka, anatabasamu. Alinionyesha kitu kilichoviringishwa kwenye khanga, chekundu, kimekunja uso kama hakimu.

"Wa kike," alisema. "Baba, mbona husemi kitu?"

Niliitema kokwa. Sikumbuki niliitemea wapi. Nilicheka, nikalia, nikambusu Mwajabu kwenye paji la uso, nikataka kumbusu Bi Sikitu, akanielekeza nje kwa ufagio. "Toka, nina wengine wawili hapa. Na usimwambie mtu, mpaka nimalize."

"Simwambii mtu," nilisema, na nilikusudia.

Nilitoka. Jua lilikuwa limepanda. Turubai lilikuwa likipepea, wali unanukia, na mimi nilikuwa babu. Miguu yangu, ambayo kwa siku zote zile ilinizungusha nyuma ya msikiti, siku hiyo ilikata njia ya mkato.

"Habari za nyumbani?" alisema mtu kwa upole karibu na bega langu.

"Nzuri!" nilisema. "Nzuri! Nzuri sana!"

Nawaapia, sijawahi kulijibu swali hilo kwa ukweli kama siku ile.

Kioo cheusi kiligeuka kijani. Maua yakatokea. Shangazi, aliyekuwa amenyimwa jibu kwa siku zote hizo, aliniambia "Asante, karibu tena" kwa sauti ambayo nilidhani imekatika kidogo. Kule chini ya turubai simu ya Bwana Delfinus ililia. Alisoma, akasimama, akamnong'oneza Waziri. Waziri alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi, nimepokea habari njema! Marehemu amefufuka! Na hali yake ni nzuri! Huu ndio ubia!"

Mtokauka nzima ililipuka kwa makofi, na kokwa zikaanguka chini ya viti kama mvua. Wafanyakazi wakaanza kukunja maturubai wakati sisi bado tunashangilia. Dereva wa boza alitazama simu yake: alikuwa anahitajika Mlima Upepo, ambako vumbi la msafara wa msiba wetu lilikuwa limeharibu hali. Aliwasha gari, akauvuta mpira wake kutoka dirishani taratibu, kwa heshima ile ile. Ukapita mbele yangu, ukidondosha matone kwenye mavumbi mpaka mlangoni mwa gari.

Bi Sikitu alitokea dirishani. Povu la sabuni lilikuwa limemfika viwikoni. Nyuma yake mmoja wa wale wawili alikuwa ameanza kupiga kelele.

"Pipa halijafika hata nusu," alisema. "Nani kafunga maji?"

Nilitazama boza linavyokata kona.

"Baba Mwajabu, nakuuliza wewe. Kuna mtu kakusalimia hapo nje?"

Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana, bila kokwa, kama nilivyopaswa kunyamaza tangu mwanzo. Kisha nikaokota ndoo mbili, na Kitwana akaokota mbili, tukaanza kulikimbilia lile boza.